Plagi nne mpya, na silinda ya pili bado inamisi

"Habari za kazi, fundi. Gari langu ni la petroli, injini ya silinda nne, lita 1.5, limetembea kilomita 160,000. Kwa wiki tatu sasa linatetemeka likiwa silensa, yaani injini ikiwaka bila mimi kukanyaga mafuta. Nikipanda mlima linakosa nguvu na kurukaruka, na hapo taa ya injini humemeta. Nikifika tambarare inabaki imewaka tu. Fundi alilipima kwa mashine akapata P0302. Akabadilisha plagi zote nne na kusafisha nozeli. Aliniambia plagi ya silinda ya pili ilikuwa na oili kwa nje, juu ya ile kauri nyeupe, ila akasema si kitu. Gari likawa zuri siku mbili, kisha hali ikarudi ileile, na asubuhi zenye unyevu ndizo mbaya zaidi. Fundi wa pili anasema silinda imekufa, injini ifunguliwe. Wa tatu anasema ni oksijeni sensa. Nimwamini nani, na je, naweza kuendelea kulitumia?"

Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo haliwezi kusubiri. Taa ya injini ikiwaka bila kumemeta, kompyuta ya gari inakuambia kuna kasoro ya kuangaliwa. Ikimemeta, habari ni nyingine kabisa: muda huohuo petroli mbichi inapita kwenye silinda bila kuungua na kwenda kuungulia ndani ya katalisti, lile kopo la kwenye bomba la moshi lenye vitundu kama masega ya nyuki. Kauri ya ndani yake inavumilia moshi wa moto, lakini haikutengenezwa kuwa tanuri. Joto likizidi inayeyuka, vitundu vinaziba, na gari linaanza kukosa nguvu kwa sababu mpya ambayo mwanzoni haikuwepo. Petroli hiyohiyo huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, kisha ikateremka kuchanganyika na oili ya injini.

Kwa hiyo lipumzishe mpaka litengenezwe. Ukilazimika kulipeleka gereji, pita njia ya tambarare, bila mzigo, mguu mwepesi. Taa ikianza kumemeta, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Kama inamemeta hata tambarare, livutwe.

Sasa tuingie kwenye wasiwasi wako wenyewe: mafundi watatu, majibu matatu, na kila moja lina gharama yake. Ili ujue nani yuko karibu na ukweli, inabidi uelewe kwanza ile P0302 imepatikanaje.

Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Injini ikiwa silensa ya mizunguko 800 kwa dakika, kila silinda inapaswa kuwaka mara 400 kwa dakika, na zote nne kwa pamoja mara 1,600. Kila inapowaka, krenki inapata msukumo na kuongeza mwendo kidogo sana, isipowaka, inazubaa. Sensa ya krenki inasoma meno ya gurudumu lake na kuuona uzubaaji huo. Kompyuta inajua zamu hiyo ilikuwa ya silinda ipi, inahesabu, na hesabu ikizidi kiwango inaandika P0301 kwa silinda ya kwanza, P0302 kwa ya pili, na kuendelea. P0300 ni pale zinapokosa bila mpangilio.

Katika kazi yote hiyo kompyuta haikuipima plagi, wala koili inayoipa plagi umeme, wala nozeli inayonyunyiza petroli, wala valvu. Imehisi krenki ikizubaa, basi. P0302 ni anwani ya nyumba yenye shida. Shida yenyewe haijatajwa. Mambo yangekuwa tofauti kidogo kama ingeandamana na P0352, ambayo inahusu njia ya umeme wa koili ya pili, au P0202, ya nozeli ya pili. Hizo zingetuelekeza kwenye waya na soketi za kifaa husika. Muulize fundi wa kwanza kama alisoma kodi zote (hizo namba za P) au aliishia kwenye ya kwanza kuonekana.

Fundi wa oksijeni sensa nadhani amepotezwa na jambo linalopoteza wengi. Silinda isipowaka, hewa iliyoingia inatoka na oksijeni yake yote. Sensa kwenye bomba la moshi inaona oksijeni nyingi na kuripoti kwamba petroli ni kidogo, na kompyuta inaongeza petroli kwa silinda zote. Pengine mashine ikaonyesha na P0171, ya mchanganyiko mwepesi. Sensa imesema kweli tupu. Haina namna ya kujua kwamba oksijeni ile imetoka kwa silinda moja iliyolala. Zaidi ya hapo, sensa mbovu ikivuruga mchanganyiko huuvuruga kwa silinda zote nne. Haichagui ya pili peke yake. Acha sensa hiyo mahali ilipo.

Fundi wa pili namheshimu zaidi, kwa sababu silinda kukosa kompresheni, yaani kushindwa kubana hewa ipasavyo, ni jambo la kweli na kwa kilomita 160,000 linawezekana. Ila mwulize swali moja: kompresheni ilisoma ngapi? Kama hakupima, amekisia. Na dalili zako hazimuungi mkono sana. Valvu iliyoungua au ringi za pistoni zilizokwisha hazipati nafuu ya siku mbili kwa sababu ya plagi mpya, wala hazijali unyevu wa asubuhi.

Dalili zako zinazungumzia umeme. Ukikanyaga mafuta mlimani, hewa nyingi inaingia na shinikizo ndani ya silinda linapanda. Cheche kuruka katika hewa iliyobanwa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kuruka kwenye hewa ya kawaida, kwa hiyo koili inatakiwa kuzipandisha zile volti 12 za betri hadi 20,000 na zaidi. Umeme wa nguvu hiyo hutafuta njia nyepesi. Kama ule mpira wa koili unaovaa kichwa cha plagi umepasuka, umekauka, au umelainishwa na oili, njia nyepesi haitakuwa tena pengo la plagi. Umeme utatoboa au kutambaa kwenye mpira na kurukia chuma cha injini. Unyevu unairahisisha njia hiyo. Ndiyo maana gari linakosa nguvu mlimani, na ndiyo maana asubuhi zenye ukungu ni mbaya. (Hii pia ndiyo sababu kupima plagi kwa kuishikiza kwenye chuma nje na kutazama moto hakuthibitishi kitu: nje hakuna shinikizo, hata koili iliyochoka inaweza kurusha cheche ya kupendeza.)

Na ile oili "si kitu" ndiyo habari kubwa kuliko zote ulizoandika. Oili ya nje, juu ya kauri, haikutoka ndani ya silinda. Plagi za injini za namna hii hukaa ndani ya visima virefu vinavyopita katikati ya tapet kava, ule mfuniko wa juu wa injini, na kila kisima kina sili yake ya mpira. Sili hizo hukakamaa kwa joto la miaka, oili inavuja taratibu na kujaa kisimani. Oili kwenye ncha ya plagi, kule kunakowaka, ndiyo ingetufanya tuwazie ringi au sili za valvu.

Zile siku mbili nzuri nazo zina maelezo. Umeme ukitambaa juu ya kauri huacha mstari mwembamba mweusi au wa kahawia, kama umechorwa kwa penseli, kutoka juu kwenda kwenye chuma cha plagi. Mstari huo ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Mara nyingi una pacha wake ndani ya mpira wa koili. Ukiweka plagi mpya na kuivalisha mpira uleule wenye mstari, plagi inachorwa upya baada ya muda mfupi. Usiuchanganye mstari huo na duara la kahawia linalozunguka kauri pale inapokutana na chuma. Hilo huonekana hata kwenye plagi nzima na halina madhara.

Hayo yote bado ni dhana, hata kama ni nzuri. Kuithibitisha hakuhitaji kununua kitu. Kanuni ni kuhamisha kifaa kimoja kwa wakati mmoja, kisha kutazama kama ugonjwa unahama nacho.

Zima injini na uiache ipoe kabisa. Hesabu silinda kuanzia upande wa belti au cheni ya taiming. Kwa injini nyingi za silinda nne zilizo mstari mmoja ya kwanza iko hapo, lakini hakikisha kwenye kitabu cha gari. Chomoa soketi ya koili ya pili kwa kubonyeza kilimi chake. Plastiki ikizeeka inakatika kirahisi, usiivute kwa waya. Fungua boliti yake, mara nyingi ya spana namba 10, zungusha koili kidogo kulia na kushoto ili mpira uachie, kisha ivute wima. Mulika kisimani kwa tochi. Ukiona oili, ifyonze kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti kabla ya kufungua plagi, na upulize uchafu kwa hewa ya kompresa. Mchanga ukidondokea kwenye silinda umejiletea kazi nyingine. Geuza mpira wa koili kwenye mwanga. Tafuta ufa, tundu dogo lenye weupe au weusi pembeni, mstari wa kaboni, au mpira uliovimba na kulegea.

Sasa weka koili ya pili kwenye silinda ya nne, na ya nne kwenye ya pili. Plagi usiziguse. Futa kodi, washa injini, kisha tazama kwenye mashine hesabu ya kumisi (kushindwa kuwaka) ya kila silinda. Mashine nzuri huionyesha papo hapo, huna haja ya kusubiri taa. Hesabu ikihamia ya nne, au ukipata P0304, umemkamata: ni koili au mpira wake. Ikibaki ya pili, rudia kwa plagi: ya pili iende ya nne. Ikitokea zote mbili zinamisi, usishangae, koili na plagi zimeharibika pamoja, jambo ambalo kwa maelezo yako lingeeleweka. Watu wengi huhamisha koili na plagi kwa mkupuo ili kuokoa dakika kumi, kisha hawajui ni kipi kilichohama.

Kuna desturi ya kuchomoa koili au waya wa plagi moja moja injini ikiwaka ili kusikiliza ipi haileti tofauti. Iache. Umeme ule ukikosa pa kwenda hupasua koili kwa ndani, unaweza kuumiza kompyuta, na mkono wako ukiwa karibu utakuwa njia. Petroli ya silinda hiyo nayo inakwenda mbichi kwenye katalisti. Ukitaka jaribio hilo, chomoa soketi ya nozeli: silinda inazimwa bila petroli kumwagika. Hili ni kwa injini zinazonyunyiza petroli kwenye manifodi tu, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda. Zile zinazonyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda zina umeme mkubwa kwenye nozeli na petroli yenye shinikizo kubwa mno, usizichezee.

Koili na plagi zikiwa hazina hatia, geukia nozeli. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nozeli na sikio kwenye mpini, mbali na belti na feni. Zote nne zipige tiki-tiki sawasawa. Injini ikizimwa, pima ukinzani kwa multimita: kwa nozeli nyingi za manifodi huwa kati ya ohmu 11 na 16, na la maana zaidi ni zote nne kufanana. Nozeli inayopiga tiki na kusoma vizuri bado inaweza kuwa imeziba. Hiyo hupimwa kwenye mashine ya kulinganisha mtiririko. Kama yako "ilisafishwa" kwa dawa ya kumwaga kwenye tangi, bado haijapimwa.

Hewa inayovuja kwenye gasketi ya manifodi karibu na silinda ya pili nayo inaweza kuleta P0302, lakini tabia yake ni kinyume na yako: husumbua zaidi silensa na kupungua ukikanyaga mafuta.

Baada ya hapo, na hapo tu, ndipo fundi wa pili apewe nafasi yake. Kompresheni inapimwa plagi zote nne zikiwa nje, petroli na umeme wa koili vimekatwa, betri ina nguvu, na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho ili hewa iingie. Piga stata mpaka geji ipite mipigo mitano au sita, silinda moja baada ya nyingine. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma baina ya bar 10 na 14, lakini kiwango cha yako kiko kwenye kitabu cha ufundi, na tofauti kati ya silinda ina uzito kuliko namba yenyewe. Ya chini ikiwa chini ya robo tatu ya ile ya juu, kuna ugonjwa. Mimina kijiko cha chai cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena: ikipanda sana, ringi zinavuja, isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Mbili zilizo jirani zikishuka pamoja, gasketi imekatika katikati yao. Kabla ya kufungua hedi, omba jaribio la kupuliza hewa ndani ya silinda, kwa sababu linakuonyesha mlango inaotokea: mdomo wa oili ni ringi, bomba la moshi ni valvu ya kutoa moshi, upande wa kuingizia hewa ni valvu ya kuingiza, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi.

Turudi kwenye kile ninachokitarajia: koili. Kubadilisha koili peke yake ni nusu ya kazi. Sili za visima zibadilishwe pamoja na gasketi ya tapet kava, la sivyo oili itaula mpira mpya kama ilivyoula wa zamani. Kwenye baadhi ya injini sili hizo hazichomoki, zimeungana na kava, hivyo ulizia kabla ya kununua. Boliti za tapet kava ni ndogo na hukazwa kwa nguvu kidogo, mara nyingi karibu na nyutonimita 10, kuanzia katikati kwenda nje. Anayezikaza kwa hasira hupasua kava au kukata boliti, na oili inavuja palepale.

Plagi ya pili ikiwa na mstari wa kaboni, itupwe hata kama ni mpya. Nyingine tatu zibaki kama ni safi. Plagi ifungwe injini ikiwa baridi, ianzishwe kwa mkono hadi ikae, ndipo spana. Yenye uzi wa milimita 14 na washa (kile kipete cha chuma) hukazwa takriban nyutonimita 25. Ya milimita 12 takriban 15 hadi 20. Bila spana ya kupimia, plagi mpya yenye washa ikishagusa kitako ongeza nusu mzunguko, usizidishe. Pengo la plagi nyingi ni milimita 0.7 hadi 1.1, fuata la injini yako, na zile za iridiamu usizigongegonge kulirekebisha, ncha yake ni nyembamba na hukatika. Paka grisi ya silikoni kidogo sana ndani ya mdomo wa mpira wa koili.

Koili moja au zote nne? Mimi ningebadilisha ile iliyothibitika na kukagua mipira ya nyingine. Kwa magari mengi mpira huuzwa peke yake, na kama tatu zilizobaki zina mpira uliolowa oili lakini koili zinafanya kazi, mipira mipya inatosha. Ni kweli zimezeeka pamoja na nyingine inaweza kufuata, ila sasa unajua namna ya kuikamata kwa nusu saa. Nisichokushauri ni koili iliyotumika, kwa sababu hujui ilichokwishapitia, wala zile zisizo na jina zinazouzwa nne kwa bei ya moja. Koili dhaifu itakurudisha hapahapa ukiamini kwamba koili umeshabadilisha.

Mkabidhi fundi mwenye vifaa, usijaribu mwenyewe, ikiwa maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovuja, moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto, oili imegeuka rangi ya maziwa, injini inagonga, unasikia harufu ya petroli, au katalisti inawaka wekundu. Vivyo hivyo kama kompresheni ni ndogo kwenye silinda zote nne, maana hapo huenda taiming imeruka, na kuendelea kupiga stata kunaweza kupindisha valvu.

Ukimaliza, futa kodi na uupande mlima uleule, mtu wa pembeni akitazama mashine: hesabu ya silinda ya pili ikae sifuri. Vuta kijiti cha oili. Ikinuka petroli, au kipimo kikiwa kimepanda bila mtu kuongeza, mwaga oili na ubadilishe filta, maana oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi. Na kama hesabu ni sifuri lakini gari bado zito mlimani, au wiki chache baadaye ikaja P0420, kodi ya katalisti kutofanya kazi ipasavyo, mwambie fundi apime shinikizo la moshi kabla ya katalisti. Wiki tatu za kumemeta huenda zimeshaijeruhi.